Kabla Dalali Hajagonga: Safari ya Sheria ya Kufilisika Nchini Kenya

Kila Ijumaa, Serikali ya Kenya hutoa Gazeti Rasmi. Wengi hulisikia pale Rais anapoteua au kufuta kazi wakuu wa mashirika. Wachache huendelea kusoma hadi kwenye kurasa za nyuma, zenye matangazo ya hati za mashamba zilizopotea na kesi za mirathi. Humo humo, tangu zama za ukoloni, ndimo yalimotangazwa majina ya watu waliofilisika.

Tangazo lenyewe lilikuwa la mistari michache: jina la mdaiwa, anwani, kazi yake, mahakama, nambari ya kesi, tarehe ya amri, kisha neno moja la kueleza kama aliyefungua shauri ni mdaiwa mwenyewe au mdai. Halikusema kama duka liliungua, mavuno yalikauka au mgonjwa alikaa hospitali miezi. Mtu aliyetumia nusu ya umri wake kujenga biashara aliingia kwenye kumbukumbu za taifa kwa mistari hiyo, na humo amebaki.

Gazeti hilo lilianza kuchapishwa Mombasa tarehe 1 Novemba 1899, likihudumia Afrika Mashariki ya Waingereza pamoja na Uganda. Lakini pwani haikuwa imekaa bila utaratibu wa madeni. Misafara ya pembe za ndovu iliyoingia bara ilitembea kwa mali ya mkopo. Tippu Tip mwenyewe alikopeshwa na tajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan. Kwa Waislamu, aya ya 280 ya Surat al-Baqara inaagiza mdaiwa aliyebanwa na dhiki apewe muda mpaka apate nafuu. Fiqhi nayo ilimpa kadhi mamlaka ya kumtangaza mtu muflisi, kumzuia asiendelee kutumia mali yake, kuiuza, na kuwagawia wadai kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Misingi mingi ya sheria ya leo imo humo.

Sheria iliyoandikwa kwenye vitabu vya Kenya, hata hivyo, ilitoka Uingereza, na mwanzo wake ulikuwa mkali. Ile ya mwaka 1542, chini ya Mfalme Henry wa Nane, ilimtazama aliyefilisika kama mhalifu. Kwa muda mrefu ilihusu wafanyabiashara tu, na ni mwaka 1861 ndipo mtu asiye mfanyabiashara alipoweza kuitumia kikamilifu. Wasiokuwa na njia hiyo waliozea jela za wadaiwa. Babake mwandishi Charles Dickens alifungwa katika jela ya Marshalsea, London, mwaka 1824, na mwaka huo huo mwanawe, mtoto wa miaka 12, alipelekwa kufanya kazi kiwandani. Mwaka 1869 Waingereza wakafuta sehemu kubwa ya vifungo hivyo. Kisha mwaka 1883, kwa juhudi za waziri Joseph Chamberlain, wakaunda cheo cha Mpokezi Rasmi, ofisa wa serikali wa kushika mali ya aliyefilisika ili wadai wasiigombanie.

Sheria yao ya mwaka 1914 ndiyo iliyofuatwa ilipotungwa ile ya Kenya mwaka 1930. Tanganyika nayo ilipata yake mwaka huo huo. Nikisoma masharti ya hiyo ya Kenya naona waliyatunga watu waliozijua vizuri mbinu za mdaiwa aliyebanwa. Mtu alihesabiwa kuwa ametenda kitendo cha kufilisika akitoroka nchi, akihama makazi yake, au hata akijifungia ndani ya nyumba asikutane na wanaomdai. Amri ikishatolewa, aliandika orodha ya kila alicho nacho na kila anachodaiwa, akakutana na wadai wote, kisha akasimamishwa mbele ya mahakama ya wazi na kuhojiwa chini ya kiapo: fedha zilikwenda wapi, na kwa nini aliendelea kukopa ilhali anajua hana cha kulipia. Sheria mama ya Uingereza ilimwachia vifaa vyake vya kazi, nguo na matandiko ya familia, vyote visivyozidi thamani ya pauni 20.

Lakini nani alifika katika mahakama hiyo? Serikali za kikoloni, Kenya na Tanganyika pia, zilitunga sheria za kuzuia Waafrika wasipewe mkopo kwa urahisi. Deni ambalo mfanyabiashara asiye Mwafrika alimkopesha Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani ila kwa masharti maalumu. Walisema ni kumlinda mwenyeji asinyonywe. Matokeo yake ni kwamba asiyekopesheka hana jinsi ya kufilisika kisheria. Mlango huo ukawa wa walowezi na wenye maduka wa Kihindi. Mwafrika alipozoea mikopo ya benki na vyama vya ushirika baada ya uhuru, aliikuta sheria ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha kuitumia. Alichokuwa nacho ni methali tu: dawa ya deni ni kulipa.

Methali ni ya kweli kwa mwenye cha kulipia. Asiyekuwa nacho alikabiliwa na kitu ambacho Waingereza walikuwa wamekwisha kukiondoa kwao kwa sehemu kubwa. Kanuni za kesi za madai nchini Kenya ziliigwa kutoka India, nazo zilihifadhi kifungo cha mdaiwa. Aliyeshinda kesi aliweza kuiomba mahakama imtie mwenzake ndani hadi miezi sita, mshindi huyo akilipia chakula cha mfungwa.

Mwaka 2010 mwanamke mmoja aliyekuwa akisakamwa hivyo alikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi kuomba yeye mwenyewe atangazwe kuwa amefilisika. Kesi ilipoamuliwa, Katiba mpya ilikuwa na wiki chache tu tangu izinduliwe. Jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba kunavunja Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kwa Katiba hiyo umekuwa sehemu ya sheria za Kenya. Uamuzi huo haukumaliza ubishi. Mwaka 2012 hayati Jaji David Majanja alisema kifungo chenyewe si batili, ila mdaiwa lazima asikilizwe kwa haki, na asiyeweza kulipa atofautishwe na anayeweza akakataa. Hata kwa tafsiri hiyo ya pili, umaskini peke yake hautoshi kumpeleka mtu jela, na ningependa kila mdaiwa alijue hilo kabla hajakubali kutishwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2015, Bunge lilipopitisha Sheria ya Ufilisi na kuifuta ile ya 1930. Kwa makampuni, iliruhusu biashara iliyolemewa isimamiwe na mtaalamu kabla ya kuvunjwa. Maduka ya Nakumatt yaliwekwa chini ya msimamizi wa aina hiyo Januari 2018, ingawa miaka miwili baadaye wadai waliamua yafungwe. Magazeti yaliandika sana habari hizo. Sehemu inayomhusu mtu binafsi ilipita kimyakimya, nayo ndiyo inayogusa nyumba nyingi zaidi.

Kwa sheria hiyo, asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, ambaye madeni yake yote hayapungui shilingi 100,000 wala hayazidi milioni 4, na ambaye hajawahi kufilisika, anaweza kuomba utaratibu wa wasio na mali. Akikubaliwa, baada ya miezi 12 anaachiliwa. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba alipe kwa awamu chini ya amri, au akubaliane na wadai wake kwa mapatano rasmi. Yakishindikana hayo, analeta ombi la kufilisika mahakamani pamoja na taarifa kamili ya mali na madeni, na kwa kawaida huwa huru miaka mitatu tangu alipowasilisha taarifa hiyo. Deni la ulaghai halifutiki.

Gharama ya kufilisika nayo si ndogo. Mali ya mdaiwa inashikwa na kuuzwa, vikibaki vifaa vya kazi na vyombo vya nyumbani kwa kiasi. Hasafiri nje ya nchi bila idhini, na Katiba haimruhusu kuwa mbunge mpaka aachiliwe.

Kumbukumbu ni za umma, na ni haki ziwe hivyo, maana anayetaka kumkopesha mtu au kushirikiana naye ana haki ya kujua. Mpokezi Rasmi, ambaye sasa yuko katika idara ya serikali ya usajili wa biashara, ndiye mwenye daftari la waliofilisika na walioachiliwa. Hukumu za Mahakama Kuu zinasomeka bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na matoleo ya Gazeti Rasmi tangu 1899 yanapatikana mtandaoni. Anayetafuta aangalie zaidi ya jina. Majina yanafanana, kwa hiyo nambari ya kesi na tarehe ndizo za kuaminiwa. Tena asiishie kwenye tangazo la kufilisika bila kuuliza kama mtu huyo alikwisha kuachiliwa. Tanzania, ambako bado kuna Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, kazi kama ya Mpokezi Rasmi iko kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, maarufu kama RITA, ingawa wengi huijua kwa vyeti vya kuzaliwa tu.

Watu wanakimbia nyumba zao, wanazima simu, wanauza shamba la urithi kwa bei ya kutupa ili kumtuliza mdai mmoja kati ya kumi, kwa kutojua kwamba sheria imewawekea njia. Serikali za kaunti, misikiti, makanisa na vyama vya akiba na mikopo vinao uwezo wa kuyaeleza haya kwa Kiswahili kinachoeleweka, na vianze sasa. Nawe uliyelemewa, andika leo orodha ya unaowadai na wanaokudai, bila kuficha hata mmoja, uende nayo kwa Mpokezi Rasmi au kwa wakili kabla mali haijapigwa mnada. Nyundo ikishapigwa, ni vigumu hata kwa jaji mwema kukurudishia.