Uwiano wa Gia katika Karasha ya Mbao

Uwiano wa gia ni idadi ya meno ya gurudumu linaloendeshwa ikigawanywa kwa idadi ya meno ya gurudumu linaloendesha, na kwa kuwa magurudumu yaliyong'atana hayawezi kupishana hata jino moja, hesabu hiyo ndogo ndiyo inayoamua kasi ya shafti ya pili. Ugumu wa istilahi hii umo katika neno gia, ambalo kwenye gereji za Kahama na Katoro hubeba maana mbili: gurudumu lenye meno, na daraja la mwendo, kama katika gia ya kwanza au katika msemo wa wanasiasa wa kubadili gia angani. Kusema uwiano wa meno kungeondoa utata, ila msemo huo unafaa zaidi kliniki ya kinywa. Afadhali kipande kimoja kiitwe gurudumu la meno, na uwiano wa gia ubaki ulivyo.

Katika ukanda wa dhahabu, istilahi hii huonekana vizuri kwenye karasha, yaani pipa la chuma linalozunguka likiwa na gololi zinazosaga mbale (mawe yenye dhahabu) kuwa unga. Pipa la kipenyo cha mita 1 likifikia mizunguko 42 hivi kwa dakika, gololi huganda ukutani na kuacha kudondoka, kwa hiyo usagaji hukoma. Ndiyo maana huendeshwa kwa mizunguko kama 30. Mota ya umeme inayozunguka mara 1,450 kwa dakika huhitaji basi kupunguzwa kasi karibu mara 48, kazi inayogawanywa kwa hatua za giaboksi au za mikanda na puli, ambako vipenyo hushika nafasi ya meno.

Seremala anayeunda karasha ndogo ya mbao, ya mfano tu, kwa ajili ya maonesho ya teknolojia ya madini ya Geita angeshawishika kunakili uwiano huohuo, na angekosea, kwa sababu kasi ya ukomo, yaani ile inayogandisha gololi ukutani, ambayo ni 42.3 kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha kipenyo kwa mita, hupanda pipa linapokuwa dogo. Pipa la sentimita 10 lenye kifuniko angavu hudai mizunguko kama 90, ilhali mota ya waipa ya gari, ambayo tayari ina kipunguza mwendo ndani yake, hutoa takriban 45. Hivyo gurudumu la meno 40 litaendesha la meno 20, uwiano utakuwa 0.5, na kasi itaongezeka maradufu.

Moduli, yaani kipenyo cha duara la mng'ato kwa milimita kikigawanywa kwa idadi ya meno, lazima ilingane katika magurudumu yote mawili. Kwa moduli ya 4, vipenyo ni milimita 160 na 80. Mninga, pamoja na uimara wake, hukatika meno pale nyuzi zinapopita kwa kukingama, kwa hiyo plaiwudi, ambayo tabaka zake hukatizana, ndiyo bora. Nazo shafti hutenganishwa kwa milimita 120 na ziada ndogo, maana mbao hufura masika.