Malale: upimaji wa protini za jeraha la ubongo

Malale ni ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na nchini Tanzania husababishwa na kimelea Trypanosoma brucei rhodesiense, ambacho huishi pia ndani ya wanyamapori na ng'ombe. Miongoni mwa maeneo yake ya muda mrefu ni misitu ya miombo ya Tabora, hasa upande wa Urambo.

Katika hatua ya kwanza vimelea huwa katika damu na limfu. Katika hatua ya pili huvamia ubongo. Ili kuzitenganisha hatua hizo, daktari huchoma sindano kiunoni, kati ya pingili za mgongo, na kutoa maji ya uti wa mgongo, ambayo huonyesha hatua ya pili yakikutwa na vimelea au zaidi ya seli nyeupe 5 kwa kila mikrolita. Hesabu hiyo ilikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa melarsoproli, dawa ya hatua ya pili yenye arseniki, yenyewe iliweza kumuua mgonjwa.

Hata hivyo, seli nyeupe huonyesha uvimbe, wala hazipimi ukubwa wa jeraha. Pengo hilo huweza kuzibwa na protini zinazovuja kutoka katika seli zilizoumia: neurofilamenti nyepesi, inayojenga kiunzi cha nyuzi za neva; tau, inayoimarisha mirija midogo ndani ya nyuzi hizo; na GFAP, protini ya astrosaiti, yaani seli zinazozitegemeza neva. Maabara huzipima kwa kingamwili zinazozinasa. Utafiti wa mwaka 1999 kuhusu aina nyingine ya malale, ya gambiense, ulizikuta neurofilamenti nyepesi na GFAP zimepanda kwa baadhi ya wagonjwa wa hatua ya pili, nao watoto wa Kilifi, Kenya, waliougua malaria ya ubongo walikutwa na tau nyingi.

Kwa kuwa protini hizo hupanda pia katika kiharusi na homa ya uti wa mgongo, haziwezi kuchukua nafasi ya kukiona kimelea chenyewe. Tangu mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa ya feksinidazoli kwa hatua zote mbili, hivyo haja ya sindano ya kiunoni imepungua. Faida kubwa inayotarajiwa ya kupima protini hizi, ambazo baadhi hupimika hata katika damu, ni kumtambua mgonjwa ambaye vimelea vimekwisha mwilini mwake ilhali ubongo wake bado unahitaji uangalizi.