Herufi za Ukuta wa Zizi: Jinsi Maandishi ya Kale ya Wahungari Yalivyofumbuliwa

Mwaka 1515 mtu mmoja aitwaye Tamás, wa kabila la Waszékely kutoka Transylvania, alichonga mistari michache kwenye ukuta wa zizi la farasi mjini Istanbul. Zizi hilo lilikuwa la nyumba walimolazwa mabalozi wa nchi za nje. Tamás aliandika kwamba wajumbe wa Mfalme László wa Hungaria wamekawizwa hapo, kwamba balozi wao Barlabás amekaa miaka 2, na kwamba Sultani hajawatendea lolote. Akachonga na jina lake. Alitumia abjadi ya kwao, alama zenye mistari mikali zilizozaliwa kwenye vijiti na visu, na wenyeji wake Waturuki hawakuwa na njia ya kuzisoma.

Karne 5 baadaye, ujumbe wa namna hii unatafutwa kwenye kuta za aina nyingine kabisa: ngome, mapango na mahekalu ya michezo ya video. Watunzi wa michezo hupenda kuficha maandishi. Mfululizo wa Ultima ulitumia herufi za kale za Kijerumani, na mchezo wa Fez wa mwaka 2012 ulibuni abjadi yake na kuficha ufunguo wake katika chumba chenye mbweha na mbwa. Abjadi ya Wahungari inafaa sana kwa kazi hiyo. Ni ya kweli, ina lugha hai nyuma yake, na nje ya Hungaria na Transylvania ni wachache wanaoitambua. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ni rune za Skandinavia, akahangaika na ufunguo usio wake.

Historia ya maandishi haya ina la kumfundisha mchezaji kama huyo, nalo ni kwamba mara nyingi yaliokolewa na watu wasiojua kuyasoma. Hans Dernschwam, mtu wa biashara aliyewahi kuitumikia kampuni ya Fugger, alifika Istanbul pamoja na wajumbe kati ya 1553 na 1555. Aliyaona maandishi ya Tamás, hakuyaelewa, akayanakili katika shajara yake alama kwa alama. Nyumba ile ilikuja kutoweka pamoja na ukuta wake. Shajara ilibaki katika hifadhi ya ukoo wa Fugger hadi Mjerumani Franz Babinger alipoikuta mnamo 1913. Fumbo likamfikia Vilhelm Thomsen wa Denmark, yule aliyefumbua maandishi ya kale ya Kituruki ya bonde la Orkhon mwaka 1893, na maneno ya Tamás yakasomeka tena. Lau Dernschwam angezirekebisha alama kidogo ili zifanane na kitu alichokijua, Thomsen asingekuwa na cha kusoma.

Luigi Ferdinando Marsigli alifanya vivyo hivyo. Mwaka 1690, akiwa Transylvania katika utumishi wa jeshi la Habsburg, Mwitaliano huyu alinakili kalenda ya sikukuu za Kikristo iliyochongwa kwenye kijiti. Kijiti chenyewe kimepotea. Nakala iko Bologna, na ni miongoni mwa maandishi marefu zaidi tuliyonayo ya abjadi hii.

Ufunguo ulio bora ulikuwa umejificha ndani ya kitabu. Kwenye karatasi iliyoambatanishwa na kitabu kilichopigwa chapa 1483, mtu fulani aliorodhesha alama 46 na kuandika sauti zake kwa herufi za Kilatini. Kitabu kilikaa katika maktaba ya kasri la Nikolsburg, leo Mikulov nchini Czech, na karatasi hiyo ikajulikana mwaka 1933 maktaba ilipouzwa. Sasa imo katika Maktaba ya Taifa ya Széchényi, Budapest. Kabla ya hapo wasomaji walitegemea zaidi kitabu kidogo cha János Telegdi cha 1598, kilichokusudiwa kuwafundisha watu abjadi hii, ingawa hakikupigwa chapa enzi za mwandishi wake.

Mwenye picha ya ukuta wa mchezo mkononi na aanze na mwelekeo. Maandishi haya huenda kutoka kulia kwenda kushoto, jambo lisilomtisha aliyesoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Lakini yakiandikwa kutoka kushoto, herufi nazo hugeuzwa uso kama zilizo mbele ya kioo. Hapo mchezo wa video huleta mtego wake, kwa sababu mchoraji wa kompyuta huweza kuigeuza picha nzima ili aitumie pande zote mbili za mlango, na maandishi yakageuka nayo bila mtu kukusudia.

Kisha zitafutwe alama zisizo na shaka. Mstari mmoja wima ni sauti ya S ya kawaida. Umbo la paa la nyumba ni SH. Msalaba wenye mikono miwili ni ile sauti iliyo katikati ya jina “Magyar”. Alama kama X ni B, ingawa kwenye hesabu umbo hilo husimama kwa 10. Herufi za K ziko mbili, na zamani uchaguzi ulifuata irabu za jirani. Irabu, hasa E, ziliachwa mara nyingi, na herufi mbili au tatu ziliunganishwa kuwa moja ili kuokoa nafasi kwenye kijiti.

Uhaba huo wa irabu unasaidia kujua umri wa kanuni zilizotumika. Abjadi inayofundishwa leo, iliyoenezwa na walimu kama Sándor Forrai katika karne ya 20, huandika irabu zote na imeongezewa alama ambazo wachongaji wa kale hawakuwa nazo. Ukutani palipo na irabu kamili, mtunzi wa mchezo amejifunza kwa kanuni za leo. Wala si kosa; ndivyo vinavyoandikwa pia vibao vya kuingilia vijiji Hungaria.

Hatari kubwa ni tamaa ya kusoma. Kodeksi ya Rohonc, kitabu cha maandishi ya fumbo chenye kurasa 448 kilichofika Chuo cha Sayansi cha Hungaria mwaka 1838, iliwavuta wengi waliotaka iwe Kihungari cha kale. Mmoja wao alifikia kuipa alama ileile herufi tofauti kila ilipomfaa. Kwa ruhusa kama hiyo hata nyufa za ukuta zingesema Kihungari. Alama moja ikipewa sauti, ibaki nayo hadi mstari wa mwisho, na neno likikataa, ufunguo ndio urudiwe.

Tangu Juni 2015 abjadi hii imo katika Unicode kwa alama 108, baada ya mabishano ya miaka mingi juu ya jina lake na orodha ya herufi. Anayeipata ndani ya mchezo aweza sasa kuichapa kwenye kompyuta na kumpelekea Mhungari ayajaribu maneno.

Kazi ya kale nayo haijaisha. Katika kanisa la Énlaka, Balázs Orbán alikuta mwaka 1864 tangazo kwamba Mungu ni mmoja, lililochorwa darini mwaka 1668, na halikuwa na utata mkubwa. Jiwe la mnara wa kanisa la Homoródkarácsonyfalva ni jambo lingine. Alama zake zinaonekana, picha zake zimechapishwa, na wataalamu wamekwisha kulisoma kwa njia kadhaa zisizopatana.