Mpira wa Foley: daktari aliachiwa jina, kiwanda kikachukua haki

Mwaka 2026 unatimia miaka 60 tangu afariki Frederic Foley, daktari wa magonjwa ya njia ya mkojo wa Marekani, na miaka 90 tangu apeleke maombi ya hataza ya mrija wa kutolea mkojo yaliyomwingiza kwenye ugomvi asioushinda. Huku kwetu wanaolifahamu jina lake ni madaktari na wauguzi, maana limechapwa kwenye pakiti. Mgonjwa na ndugu zake husema tu, "Mzee kawekewa mpira." Kiswahili kimekiita kifaa kwa jina la kitu kilichokitengeneza, na bila mpira huo Foley asingefika popote.

Tezi dume huizunguka njia ya mkojo pale inapotoka kwenye kibofu. Umri ukivuka miaka 50, kwa wanaume wengi tezi hiyo hutanuka, hata pasipo saratani yoyote. Mkojo hutoka mwembamba, hukatikakatika, usiku mtu huamka mara tatu au nne, na kuna wanaofikia siku hautoki kabisa. Kibofu ambacho kwa kawaida hudai choo kabla ya kufikia nusu lita hujikuta kimebeba lita nzima na zaidi. Aliyewahi kumuuguza mzee katika hali hiyo anajua kwamba hakai, halali, wala hasemeshwi. Tangu kale tiba ya saa ile ni kumpitishia mrija.

Warumi walitumia mirija ya shaba, na mingine imefukuliwa Pompeii. Ibn Sina alieleza mirija laini ya ngozi. Mwaka 1752 Benjamin Franklin, akiwa Philadelphia, alimtengenezea kaka yake John, aliyekuwa na mawe kwenye kibofu, mrija wa fedha unaopinda. Katika barua yake ya mwezi Desemba alimweleza kwamba alikwenda kwa sonara na kukaa naye hadi kazi ikaisha. Karne iliyofuata mpira ulipatiwa njia ya kuimarishwa kwa moto na salfa, na Auguste Nélaton wa Paris akatoa mrija mwekundu wa mpira mnamo 1860. Vipimo tunavyovisoma hadi leo kwenye pakiti, 14, 16, 18, ni vya Charrière, fundi wa vifaa vya upasuaji wa jiji hilohilo: gawa kwa tatu, utapata unene kwa milimita.

Tatizo lililobaki lilikuwa moja: mrija haukai. Ulifungwa kwa nyuzi, ukabandikwa kwa plasta, mgonjwa akigeuka unachomoka. Reybard, daktari wa Lyon, alijaribu kuutia puto katikati ya karne ya 19, lakini jaribio lake halikuenea.

Hapo ndipo anapoingia Foley. Alizaliwa mwaka 1891 huko St. Cloud, Minnesota, akasomea udaktari Johns Hopkins, kisha akafanya kazi St. Paul. Wakati ule madaktari walikuwa wameanza kukata tezi dume kwa kupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo, na adui yao mkubwa alikuwa damu. Mwaka 1929 Foley alieleza mrija wenye puto, na puto hilo halikuwekwa kwa ajili ya kuushikilia mrija peke yake. Lilikuwa la kuzuia damu: unalijaza maji ndani ya kibofu, unauvuta mrija kidogo, nalo linakandamiza pale palipokatwa. Baadaye akapata mrija ulioundwa kipande kimoja kwa lateksi, puto likiwa sehemu ya mwili wake. Mwaka 1935 aliwaonyesha madaktari wenzake katika Chama cha Madaktari wa Njia ya Mkojo cha Marekani, na mwaka 1937 akauchapisha kwenye jarida lao.

Kosa lake ni kuchelewa kwenye ofisi ya hataza. Alipeleka maombi Oktoba 1936. Miezi minne kabla, mwezi Juni, hataza ya mrija wa namna hiyo ilikuwa imeshatolewa kwa Paul Raiche wa kampuni ya mpira ya Davol, Providence, jimbo la Rhode Island.

Foley hakukubali. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilimtazama aliyebuni kwanza, si aliyewahi dirishani, na yeye alikuwa na maandishi ya 1929 na onyesho la 1935 mbele ya wataalamu wenzake. Akakata rufaa katika ofisi ya hataza, akashinda. Raiche naye akaenda mahakamani, uamuzi ukapinduliwa. Foley akaomba kesi isikilizwe tena, akakataliwa. Hataza ikabaki Davol.

Lakini kampuni ya C. R. Bard ya New Jersey ilikuwa ikiusambaza mrija huo tangu 1935, na iliuuza kwa jina la Foley. Madaktari waliagiza kwa jina hilo, wauguzi wakalizoea, na hukumu ya mahakama haikuweza kulifuta midomoni mwao. Mwaka 1980 Bard iliinunua Davol, jina na hataza iliyokuwa imekwisha muda vikakutana chini ya paa moja, Foley akiwa kaburini miaka 14. Alistahili vyote viwili akiwa hai.

Baadaye zikaja silikoni, dawa za kulegeza na za kupunguza tezi, na vifaa bora vya upasuaji. Mpira wenyewe haujabadilika sana: njia mbili, moja ya mkojo na moja ya maji ya puto.

Kilichobadilika ni kazi yake, na hapa pana jambo la kutuuma. Foley aliutengeneza utumike siku chache baada ya upasuaji. Kwa wazee wetu wengi umekuwa badala ya upasuaji. Si ajabu kukutana na mzee, Kenya au Tanzania, aliyekaa nao miezi, mfuko umefichwa chini ya kanzu au koti, ameacha kwenda msikitini au kanisani kwa kuogopa harufu. Wengine wanangoja fedha, wengine zamu, na wengine hawakuambiwa kamwe kwamba tezi inaweza kuondolewa. Kila siku unaokaa, vijidudu vinapata njia ya kuingia kwenye kibofu. Wazee kuachwa hivyo hakutokani na upungufu wa maarifa; upasuaji wa tezi ulikuwepo kabla Foley hajaenda mahakamani.

Basi mwenye mzee nyumbani asikubali kurudi naye na mpira na karatasi ya dawa pekee. Amuulize daktari siku hiyohiyo: utabadilishwa lini, utatolewa lini, na upasuaji ni tarehe ngapi. Na mzee asiuvute mwenyewe hata ukimkera namna gani, kwa sababu puto likiwa na maji hupasua njia ya mkojo.