Ramani Zilizovuka Ziwa: Nyumba za Lweba na Haki ya Kuzibadili

Anayetaka kujenga Lweba siku hizi huwekewa njia mbili. Ya kwanza ni kumlipa mchoraji amtengenezee ramani ya peke yake, inayofuata ukubwa wa parseli yake, idadi ya watoto wake na uwezo wa mfuko wake. Ya pili ni kuchukua ramani iliyokwisha kuchorwa, ile ambayo ndugu aliyeko Bujumbura, Kigoma au Marekani humtumia kwa simu: saloni, vyumba vitatu, baraza mbele, na fundi masoni huanza kupima siku hiyo hiyo. Wanaopenda njia ya kwanza husema nyumba ni ya mwenyewe na haifai kufanana na ya jirani. Wanaopenda ya pili husema kilichokwisha kujaribiwa hakina hasara. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba chaguo hili limekuja na simu. Historia ya mwambao huu wa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, inaonyesha vingine. Kwa zaidi ya miaka 150, karibu kila umbo la nyumba lililosimama kando ya ziwa hapa lilikuwa limebuniwa mahali pengine, au na jamii nzima kabla ya mwenye nyumba kuzaliwa. Kwa hiyo nasema swali la nani aliyechora ni dogo. Mambo mawili ndiyo yaliyoamua kama nyumba itawafaa watu: kama wakaaji waliruhusiwa kuibadili, na kama aliyeiweka pale alikuwa ameujua udongo na maji ya mahali pale.

Wako wanaodhani kwamba zamani, katika vijiji vya Wabembe, wenyeji wa mwambao huu, kila mtu alijijengea atakavyo, na kwamba ramani tayari ni ugonjwa wa kisasa. Sivyo. Nyumba ya zamani ilijengwa bila karatasi, lakini haikubuniwa upya kila mara. Kijana alijenga kama baba yake, kwa miti, matete, udongo na nyasi, na waliokuja kumsaidia walijua vipimo kabla ya kufika. Umbo lilikuwa mali ya wote, ndiyo maana lilijengeka haraka na bila gharama ya mtaalamu. Kilichokuwa cha mtu binafsi ni mahali: nyumba iko umbali gani na lubunga, pale wanaume wa ukoo walipokaa, wakala na kuamua mashauri, inapakana na nani, mlango wake unatazama wapi. Mashauri ya kweli yalifanyika hapo, juu ya kiwanja, si juu ya umbo. Mgawanyo huo wa busara ndio ninaoutafuta katika nyakati zote zilizofuata, na mara nyingi naukuta umepinduliwa: umbo linajadiliwa sana, kiwanja kinachukuliwa kama kilivyo.

Karne ya 19 ilileta ramani za mbali. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, kisha Aprili wakapanda mitumbwi kwenda Uvira kwa kupitia Ubwari, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamewatangulia ziwani. Misafara ile ilieneza namna mbili za kujenga. Moja ni tembe, nyumba ya kuta nene na paa bapa la miti na udongo, iliyozoeleka katika nchi kavu za Ugogo na Unyamwezi. Nyingine ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi unaopita katikati, vyumba kila upande, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na choo. Ya pili ilifuata njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ikavuka hadi Kasongo huko Maniema, na baadaye ikawa sura ya Buyenzi katika Bujumbura. Haishangazi kwamba tembe haikushinda upande wetu. Mvua inayoshuka kutoka milima ya Itombwe si mvua ya Tabora, na paa bapa la udongo haliwezi kuibeba mwaka baada ya mwaka. Nyumba ya ukumbi ilidumu kwa sababu ilikubali kubadilishwa: unaweza kuanza na vyumba viwili, ukaongeza viwili, ukapangisha kimoja kwa sababu kila chumba kina mlango wake ukumbini. Hata huko ilikotoka, kipimo kilifuata vifaa vilivyopatikana. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Bara hakuna mikoko, kwa hiyo mafundi walipima upya kwa miti waliyonayo.

Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walifungua kituo cha Mulweba katika nchi ya Masanze mwaka 1880, na mwaka 1883 wakaanzisha Kibanga, ambayo waliiacha mwanzoni mwa miaka ya 1890. Miaka hiyo ni muhimu kwa mtu anayefikiria ujenzi, kwa sababu ziwa lenyewe lilikuwa katikati ya badiliko kubwa. Msafiri Stanley alipolizunguka mwaka 1876, maji yalikuwa juu, na mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea, ulikuwa umezibwa na mafunjo na tope. Kufikia mwaka 1878 hivi kizuizi kilivunjika, na ziwa likaanza kushuka. Hadi mwisho wa karne lilikuwa limeteremka kwa mita kama 10. Maana yake ni kwamba waliojenga kwenye fukwe hizi miaka ya 1880 walijenga huku ardhi mpya ikifichuka mbele yao kila mwaka. Mtu aliyezaliwa wakati huo angeapa kwamba maji yanarudi nyuma daima. Mjukuu wake aliyeshuhudia maji ya mwaka 1964, yalipopanda sana, angeapa kinyume. Hakuna ramani, iwe ya kununua au ya kuagiza, inayobeba kumbukumbu hiyo ndani yake. Hubebwa na wazee wa mahali.

Utawala wa Kibelgiji ndio uliokuja na hamu ya kupanga. Ulitaka vijiji vikae kando ya barabara, nyumba kwa mstari, ili kodi ihesabike, watu wapatikane kwa kazi, na wauguzi wa malale wapite mlango kwa mlango. Kulikuwa na faida za afya katika hilo, na si haki kuzikana. Lakini kijiji cha mstari hakina katikati, na lubunga huhitaji katikati. Kisha, chini ya mpango wa miaka kumi wa 1949 hadi 1959, ikaundwa mwaka 1952 Office des Cités Africaines, OCA, shirika lililojenga nyumba za Waafrika mijini kwa michoro ya aina chache zilizorudiwa maelfu ya mara. Hadi uhuru lilikuwa limejenga takriban nyumba 40,000: Matete, Lemba na Bandalungwa huko Kinshasa, Bagira huko Bukavu, na Ngagara huko Bujumbura, mtaa ambao wenyeji bado wanauita OCAF. Fizi haikupata mtaa wa OCA. Hata hivyo vijana wa mwambao waliokwenda kutafuta kazi Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, na Bukavu waliziona nyumba hizo, na saloni iliyozungukwa na vyumba, badala ya ukumbi mrefu, ikawa alama ya nyumba ya mtu aliyeendelea.

OCA ndiyo ushahidi bora wa hoja yangu, kwa kuwa inaweza kutumiwa na pande zote mbili. Kwa upande mmoja ni ushindi wa ramani tayari: kuta imara, bei iliyojulikana, maji na choo vilivyofikiriwa mapema, familia nyingi kupata nyumba ndani ya miaka minane. Kwa upande mwingine, nenda Matete leo uitafute nyumba ya OCA ilivyochorwa. Utaikuta imefungwa baraza ikawa chumba, ina aneksi nyuma, ukuta wa mbele umekuwa duka, na mara nyingine ghorofa imepanda juu. Wapo wanaosema huo ni uharibifu. Mimi naona ni kazi iliyomaliziwa. Mchoraji alihesabu baba, mama na watoto. Hakumhesabu shangazi, mpangaji, wala mjomba aliyekuja kutibiwa akakaa miaka mitatu. Nyumba zile zimeishi kwa sababu parseli iliacha nafasi nyuma na wakaaji hawakuzuiwa kuitumia. Zingekuwa zimefungwa katika umbo la mwaka 1955, zingekuwa zimehamwa.

Kisha vikaja vita, na hapa historia ya Lweba inatengana na ya miji mikubwa. Uasi wa Simba, ulioishia hapa na kuanguka kwa Baraka na Fizi mwishoni mwa 1965, uliwapeleka wengi milimani, na maquis ya PRP, kundi la waasi la Laurent Kabila, ikaendelea huko kwa miaka mingi. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha watu wa Fizi kwa maelfu hadi mkoa wa Kigoma, kambi za Nyarugusu na Lugufu. Mtu anayejua kwamba anaweza kukimbia tena hajengi kama asiyejua. Anajenga kwa matofali mabichi aliyoyafyatua mwenyewe, anaezeka kwa manjanja, yaani mabati, anayoweza kuyang'oa, na anasimamisha vyumba viwili kwanza. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 nayo inamhimiza, kwa sababu inataka kiwanja kiendelezwe, na mbele ya majirani nyumba iliyosimama ni ushahidi mkubwa kuliko karatasi. Haraka ya namna hii haina muda wa mchoraji. Wakimbizi walipoanza kurudi rasmi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, Oktoba 2005, mashirika yaliwasaidia walio dhaifu zaidi kwa kipimo kimoja: bati kiasi fulani, misumari, mlango, na familia ilete matofali na nguvu kazi. Mwaka 2015 kambi ya Lusenda ikafunguliwa kwa Warundi, kisha mwaka 2017 eneo la Mulongwe, na wenyeji wakaona tena nyumba zilizopangwa kwa safu na namba.

Hapa napingwa kwa haki. Shirika lenye mabati ya familia elfu haliwezi kukaa na kila familia kuchora. Usawa wenyewe unadai kipimo kimoja, na kumpa mmoja chumba zaidi ni kuzusha ugomvi. Nakubali. Sina shida na kipimo kimoja cha mabati. Shida ni pale kipimo cha msaada kinapogeuka kuwa amri ya umbo. Mwambao huu unaishi kwa ndagala, mawese na muhogo. Nyumba ya mvuvi inahitaji mahali peupe pa kuanika ndagala penye jua la asubuhi, mbali na moshi; pipa la kulowekea muhogo; jiko lililo nje kwa sababu joto la kando ya ziwa halimruhusu mtu apike ndani kisha alale humo; na baraza pana ya kutengenezea nyavu mvua inaponyesha. Hakuna hata moja kati ya haya linaloonekana katika mraba wa vyumba viwili. Mraba huo ukiwekwa katikati ya parseli, kama michoro ya kawaida inavyoonyesha, unakata ua vipande vinne vidogo visivyofaa kitu. Ukisogezwa pembeni, ramani ile ile, bila kubadilisha ukuta hata mmoja, inaacha ua mzima nyuma na nafasi ya aneksi. Tofauti ni hatua kumi za fundi kabla ya kuchimba msingi.

Pingamizi jingine hutoka kwa wasomi: kama kiwanja ndicho jambo kuu, basi mchoraji wa nyumba ya peke yake ameshinda, kwani kazi yake ni kufuata kiwanja. Ingekuwa kweli kama kazi hiyo ndiyo anayolipwa. Mara nyingi mteja hulipia sura: nguzo za mbele, paa la pembe nyingi, madirisha ya kona, vitu vya kuonekana kutoka barabarani. Nyumba inakuwa ya pekee kwa uso na ya kawaida kwa miguu. Tetemeko la Desemba 5, 2005, la ukubwa wa 6.8, lililotoka chini ya ziwa na kuangusha majengo Kalemie, halikuuliza nani amechora. Liliuliza kama kuta za matofali zilifungwa kwa mkanda wa zege na kama paa lilikuwa zito kupita uwezo wake. Maji yaliyopanda tangu mwaka 2020, yakafika juu sana mwaka 2024 na kuingia majumbani kando ya ziwa, yaliingia katika nyumba ya ramani ya simu na nyumba ya mchoraji bila kubagua.

Kwa hiyo mkaaji wa Lweba mwenye fedha za kumlipa mchoraji simwambii azikatae huduma za mchoraji huyo. Namwambia abadilishe anachokinunua. Achukue ramani ya saloni na vyumba vitatu ambayo mafundi wa hapa wameijenga mara nyingi, kwa sababu wanajua inataka manjanja mangapi na mbao zipi, kisha amlipe mtaalamu aje parselini kabla ya msingi: aulize wazee maji ya 1964 na ya 2024 yalifika wapi, aangalie mteremko unapeleka mvua upande gani, apange vyumba viwili vitakavyosimama mwaka huu na vile vitakavyofuata bila kubomoa ukuta, aonyeshe mkanda wa zege unapopita. Karatasi atakayoiacha itakuwa na mistari michache kuliko ile ya nguzo na pembe, na bei yake haina sababu ya kuwa ndogo.