Vipodozi Juba: Ngozi yahitaji vitu vitatu, si rafu nzima

JUBA, Sudan Kusini – Mteja anayesimama mbele ya meza ya vipodozi katika mtaa wa Mangateen hukuta kila kitu kwa pamoja. Kuna losheni za Kenya zilizopita Malaba na Elegu, sabuni na mafuta mgando kutoka Uganda, krimu za kung'arisha zenye maandishi ya Kifaransa, vikopo vya Dubai na China, na pembeni dilka, khumra na mafuta ya karkar ya Kisudani. Kila kopo lina ahadi yake. Mteja ana pauni chache mfukoni, na muuzaji naye mara nyingi hajui kilichomo ndani ya anachokiuza.

Makala haya yanaeleza ratiba fupi ya kutunza ngozi inayofaa hali ya Juba. Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji, yanaeleza pia bidhaa zipi zinastahili kubebwa kwa ajili ya ratiba hiyo, na zipi zinaweza kumtia mtu hasara ya mzigo au kumharibia mteja afya. Kwa kifupi, ngozi ya mtu mzima asiye na ugonjwa inahitaji kusafishwa, kulainishwa na kukingwa na jua. Vilivyobaki kwenye rafu ni vya hiari, na baadhi yake ni sumu.

Hali ya hewa kwanza

Juba iko karibu nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, hivyo jua ni kali mwaka mzima. Kipindi kigumu zaidi ni kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ambapo hewa ni kavu, vumbi ni jingi na joto hupita nyuzi 40. Machi 2024, na tena Februari 2025, serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto, mara hii ya pili baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba. Mvua zikianza Aprili mambo hugeuka. Hewa hupata unyevu na jasho halikauki.

Ndiyo maana kopo lilelile halifai mwaka mzima. Mafuta mazito yanayookoa miguu iliyopauka mwezi Januari ndiyo yanayoziba jasho mgongoni mwezi Mei na kuleta harara. Mangateen pia ina kambi ya wakimbizi wa ndani, ambako familia nyingi huishi katika nafasi ndogo na maji hutumiwa kwa hesabu. Ratiba ya kunawa uso mara nne kwa siku na kupaka makopo matano haiwezi kufuatwa huko, na kwa kweli haihitajiki popote.

Sabuni moja ya kuogea

Kosa la kwanza ni kuoga kwa sabuni ya kufulia. Sabuni ya mche ni kali kwa ngozi kwa kuwa ina magadi mengi. Huondoa uchafu pamoja na mafuta ya asili, na ngozi hubaki imekaza na kuwasha. Sabuni ya kawaida ya kuogea, isiyo na manukato makali, inatosha. Sabuni za dawa za kuua vijidudu hazina haja ya kutumiwa kila siku mwili mzima.

Uso unawe jioni kwa sabuni ili kuondoa vumbi na jasho la kutwa. Asubuhi maji matupu yanatosha kwa watu wengi. Mwenye uso wa mafuta na chunusi anaweza kutumia sabuni mara zote mbili, lakini asisugue kwa dodoki wala kwa mchanga wa dukani, maana chunusi iliyosuguliwa huacha doa jeusi linalokaa miezi.

Mafuta: hapa mteja hupoteza fedha nyingi

Siri ya mafuta ya kupaka ni wakati zaidi kuliko bei. Yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, dakika chache baada ya kuoga, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuzuia maji yaliyomo kwenye ngozi yasitoke. Anayesubiri hadi akauke kabisa atahitaji mafuta maradufu na bado atapauka kabla ya saa sita.

Mafuta mgando ni ya bei nafuu na hufanya kazi hiyo vizuri kuliko krimu nyingi za gharama. Yanafaa kwa miguu, visigino, midomo na mikono wakati wa kiangazi. Ubaya wake ni kunata na vumbi, na hayafai usoni kwa mtu mwenye chunusi. Kwa uso na kwa msimu wa mvua, losheni nyepesi ni bora zaidi. Glisirini nayo inasaidia, lakini isipakwe peke yake katika hewa kavu, kwani inaweza kuvuta maji kutoka kwenye ngozi yenyewe. Ichanganywe sehemu moja kwa sehemu mbili au tatu za maji yaliyochemshwa na kupozwa. Mchanganyiko uwe mdogo wa kutumia siku chache tu, kwa sababu hauna kihifadhi.

Kuna bidhaa nyingine ambayo wafanyabiashara wengi huipita bila kuitazama, nayo haihitaji hata kuvuka mpaka. Ni mafuta ya mti wa shea, yanayoitwa lulu kwa Kiarabu cha Sudan na moo yaa kwa Waacholi. Aina inayoota Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda ni tofauti na ile ya Afrika Magharibi. Mafuta yake ni laini zaidi na kwa joto la Juba huyeyuka kabisa. Yanalainisha ngozi vizuri. Kinachowafukuza baadhi ya wateja ni harufu ya moshi, inayotokana na namna ya kuyatengeneza nyumbani. Muuzaji akiyapata kwa kikundi cha akina mama kinachoyachuja vizuri, akayaweka katika chupa safi yenye kifuniko na kuandika tarehe, ana bidhaa nzuri isiyodai dola. Ajabu ni kwamba shea hiyohiyo huuzwa ghali Ulaya, huku Juba ikikaa nyuma ya krimu zisizojulikana zilikotoka.

Jua, na mkono wa kulia wa dereva

Kinga ya jua huanza na kofia, mikono mirefu na kivuli, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Losheni ya jua huja baadaye. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, iliyowahi kukadiriwa kuwa sawa na SPF 13 hivi, lakini si kinga kamili. Jua hukoleza madoa yaliyoachwa na chunusi, na madoa hayo ndiyo yanayowasukuma wengi kutafuta krimu za kung'arisha. Mwenye uwezo anunue losheni yenye SPF 30 au zaidi, ajaribu kwanza kama haiachi weupe usoni, na aipake tena kila baada ya saa mbili akiwa juani. Kwa watu wenye ualbino hakuna hiari. Kwao losheni ya jua ni sawa na dawa, na ndiyo sababu hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, imekuwa ikitengeneza losheni yao maalumu iitwayo Kilisun.

Madereva wana jambo lao. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori kwa miaka 28. Upande wa uso uliokuwa ukielekea dirishani ulikuwa umenenepa na kukunjamana kuliko upande wa pili. Vioo vya pembeni huzuia miale inayochoma, lakini huruhusu sehemu kubwa ya miale inayozeesha ngozi. Sasa tazama barabara ya Nimule hadi Juba, kilomita 192. Malori ya Kenya na Uganda yana usukani kulia. Anayepanda kaskazini asubuhi ana jua la mashariki mkono wa kulia, na anayeshuka kusini jioni ana jua la magharibi, nalo ni kulia kwake vilevile. Shati la mikono mirefu, au kitambaa cha kufunika mkono, ni gharama ndogo kwa safari hizo zote.

Kuongeza kitu kipya

Mtu akitaka kuongeza kitu juu ya hivyo vitatu, aongeze kimoja kimoja. Akipake kwanza ndani ya mkono, sehemu ndogo, kwa siku saba. Kisha akitumie wiki nne hadi sita kabla ya kuamua kama kinafaa, kwa kuwa ngozi huchukua takriban mwezi kujibadilisha. Anayeanza makopo manne kwa siku moja akitokwa na vipele hatajua alaumu lipi. Kinachong'arisha ngozi kwa siku tatu hakipaswi kumfurahisha mtu, bali kimtie shaka.

Mkorogo na vilivyomo

Krimu za kujichubua, au mkorogo kama wanavyosema Tanzania, huwa na moja au zaidi ya sumu tatu.

Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote. Huingia mwilini kupitia ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwenye lebo huandikwa "mercury", "mercurio", "calomel" au "mercurous chloride", na mara nyingi haiandikwi kabisa. Shirika la Afya Duniani limetaja dalili moja ambayo kila muuzaji anapaswa kuikumbuka: lebo inayoonya krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini au vito. Mkataba wa Minamata ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni kuanzia 2020, na mkutano wa nchi wanachama mjini Geneva mwaka 2023 uliamua kwamba kuanzia 2025 visiwepo kabisa, hata chini ya kiwango hicho.

Haidrokwinoni, "hydroquinone" kwenye lebo, hutumiwa na madaktari kwa kipimo na kwa muda maalumu. Ikipakwa miaka bila uangalizi huweza kuacha weusi wa bluu usoni usiofutika. Ya tatu ni steroidi kali kama "clobetasol" na "betamethasone". Hizi hufanya ngozi iwe nyembamba, hutoa michirizi, na mtu akiacha ghafla uso hulipuka kwa vipele na kuwaka. Aliyezizoea kwa muda mrefu aziache kwa ushauri wa daktari.

Mirija ya steroidi ina hatari nyingine. Hupakwa juu ya mabato ambayo hupoa kwa siku chache, kisha huenea. Kwa hiyo muuzaji wa vipodozi ajue mipaka yake. Kuwashwa usiku kwa familia nzima huenda ni upele wa kuambukizwa, unaotibiwa kwa wote siku moja. Baka lililopauka lisilohisi kitu linaweza kuwa ukoma. Huyo apelekwe kituo cha afya au Juba Teaching Hospital, asiuziwe losheni.

Mzigo, karatasi na joto

Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na viwango vya pamoja vya vipodozi, mfululizo wa EAS 377, vinakataza zebaki na haidrokwinoni. Kenya, Uganda na Tanzania zina marufuku zao, na Rwanda ilianza msako mkali madukani mwishoni mwa 2018. Mzigo wa Juba unaopitia Mombasa hukatiza nchi mbili kabla ya kufika Nimule. Katoni tatu za krimu zilizochanganywa na losheni halali zinaweza kusimamisha gari zima, na anayelala mpakani ni dereva, si mwenye katoni. Msafirishaji ana haki ya kudai orodha kamili ya bidhaa kwa majina yake kabla ya kupakia. Neno "vipodozi" peke yake kwenye karatasi halitoshi.

Anayenunua Kikuubo mjini Kampala au Dubois Road mjini Nairobi atazame mambo manne: alama ya ubora ya shirika la viwango la nchi husika, orodha ya viambato, jina na anwani ya mtengenezaji, na tarehe ya kuisha pamoja na namba ya toleo. Kopo lisilo na orodha ya viambato liachwe hata likiwa la bei ya kutupa.

Joto nalo hula faida kimyakimya. Losheni iliyoachwa siku kadhaa ndani ya lori lililofungwa, au juu ya meza juani, hujitenga maji na mafuta, hubadilika harufu, na losheni ya jua hupoteza nguvu kabla ya tarehe iliyoandikwa. Katoni za losheni zikae mbali na bodi la chuma, zifunikwe, na zishushwe kwanza. Dukani ziwe kwenye rafu ya chini yenye kivuli, mafuta mgando yakae juu kwa kuwa yenyewe yakiyeyuka hayaharibiki, na mzigo wa zamani uuzwe kabla ya mpya. Mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa wenye maandishi 12M una maana ya miezi 12 tangu kufunguliwa, jambo ambalo muuzaji anayepima losheni kidogo kidogo kutoka kopo kubwa anapaswa kulijua. Kijiko chake kiwe safi na kikavu, na kopo lifunikwe kila mara.