Makro

Neno hili asili yake ni Kigiriki, *makros*, yaani -refu. Watu wa kompyuta wamelipa kazi ya kufupisha: makro ni amri moja inayobeba amri nyingi.

Tuitazame ndani ya ImageJ, programu ya bure ya kuchambua picha iliyoandikwa na Wayne Rasband wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na kutolewa mwaka 1997. Mtafiti ana rundo la picha za hadubini na anataka kuhesabu seli. Anafungua kinasa cha amri, anaishughulikia picha moja: analainisha, anaweka kizingiti cha mwanga, anahesabu. Kila amri anayoichagua kwenye menyu inaandikwa mstari wake. Anahifadhi mistari hiyo katika faili la .ijm, kisha anaiendesha makro kwa picha zilizobaki huku akinywa chai.

Wengi husema "kurekodi makro", na si kosa, ila mtu asidhani ni sauti au video. Kinachonaswa ni maandishi, tena neno kwa neno. Ukibofya dirisha la seli1.tif, kinasa kinaandika selectWindow pamoja na jina hilohilo. Ukishaifunga picha hiyo na kuleta nyingine, makro inagoma.

Wapenda tafsiri watataka "amri mkusanyo". Mimi naona makro inatosha, ngeli ya I-ZI: makro hii, makro hizi. Nawe msomaji, kabla ya kuiendesha, ifungue uisome, ufute mistari yenye majina ya picha yaliyonaswa humo.